Mikono ya Asubuhi

Mkono wa kwanza wa pampu ulitoka kwenye kalibu ungali moto, ukazama majini na kulia chwaa. Mbithe aliutoa kwa koleo, akaulaza juu ya bamba bapa, akapitisha kidole chini yake. Kidole kilipita. Ulikuwa umepinda.

"Maji ni baridi, bosi. Upande mwembamba umeshapoa, huu mnene bado una moto. Zinavutana. Tuchemshe maji kwanza."

"Kuni utaleta wewe?" Mwau, mwenye karakana, hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Hiyo ni alumini, si uji wa mtoto. Nyoosha."

Akanyoosha kwa nyundo ya mbao, polepole. Kufikia saa tano vyuma vyenyewe vingekuwa vimepasha tangi moto, na mikono ingetoka imenyooka bila kuguswa. Ile ya asubuhi ilinyooka kwa macho tu. Ndani, alijua, ilikuwa bado inavutana. Akagonga M kwenye kila mmoja, maana pale kwenye karakana ya Malili kila fundi alikuwa na herufi yake. Lori likaibeba kwenda visimani.

Hiyo ilikuwa Februari. Julai, mkono mmoja ulikatika kisimani Kalamba. Maji yalikuwa yameshuka sana, na Kasiva, mke wa kaka yake Mbithe, alikuwa ameulalia kwa uzito wake wote. Alianguka mbele. Kisiki kilichobaki kilikuwa na ncha, kikamwingia kooni.

Jumatatu baada ya mazishi Mbithe alirudi kazini. Mwau alimngoja mlangoni na gunia. Akatoa vipande viwili, akageuza kimoja ili Mbithe aione M.

"Pole, mama. Nimeviomba kule kisimani nikapewa. Kesho mkaguzi anakuja, atauliza hii herufi ni ya nani."

"Ni wewe uliniambia ninyooshe."

"Imeandikwa wapi?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia. "Mimi nakusaidia. Wewe ndiye utafungwa, si mimi. Tia tanuruni."

"Kaka yangu Nzioka anataka kujua ni nini kilimuua bibi yake."

"Mwambie ni mapenzi ya Mungu. Si nyinyi ni watu wa kanisa?"

Mbithe alipima kipande kiganjani. Kilikuwa chepesi. Karibu na ncha palikuwa na doa jeusi lililokauka, hakulipangusa. Alifikiria watoto wake wawili, kisha hakufikiria kitu. Akavitia vyote, vikalainika katikati ya sufuria kuukuu na rimu za pikipiki, vikapotea.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Akamimina kwenye kalibu, akangoja chuma kigande, akakitoa kwa koleo, akakitumbukiza.

Chwaa.

Akakilaza juu ya bamba, akapitisha kidole. Kidole kilipita.

"Mbithe!" Mwau aliita kutoka ndani. "Lori liko njiani."

Akaokota nyundo.