Vifuniko vya Kijani

Mama Upepo alikuwa na dharau za aina mbili. Ndogo aliwawekea madereva wanaolipiga tairi teke na kutangaza kuwa liko sawa. Kubwa alimwekea shemeji yake.

Jina lake lilitoka kwa wateja, maana tangu baba yake amwachie karakana ya matairi, kompresa yake haikujua kulala. Shemeji, mdogo wa mumewe, aliuza bima katika ofisi yenye kiyoyozi. Ungedhani mtu anayeishi kwa kuuza maneno angekuwa mgumu kuuziwa. Wapi! Bango likimeremeta tu, yeye keshafungua pochi.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa anampeleka mama yake kwa daktari wa macho, mji wa pili. Alisimama karakanani kwa sababu moja tu: bibi kizee alitaka kumsalimia mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikuone kabla macho hayajanikimbia kabisa."

Mama Upepo alimshika mkono dirishani, lakini jicho lake lilikuwa limeshateremkia gurudumu la nyuma. Tairi lilikuwa limenepa kama shavu la mtu aliyesinzia.

"Shemeji, tairi lako halina upepo."

Shemeji akacheka, akaonyesha vifuniko vinne vya kijani vilivyoziba valvu. "Unaona hivyo? Humo mna naitrojeni tupu. Haivuji. Hata ndege hutiwa hiyo hiyo."

"Ndege ina fundi wa kuyakagua matairi kila mara. Wewe umeyapima lini?"

"Tangu nitie, ya nini kupima? Miezi mitano sasa!"

Mama Upepo hakuomba ruhusa. Alifungua kifuniko, akabandika kipimo. Kumi na tisa, penye kutakiwa thelathini na mbili. Akavuta mpira wa kompresa.

"Koma!" Shemeji aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Ukichanganya na upepo wa mtaani utaniharibia!"

"Upepo wa mtaani, katika sehemu kumi, karibu nane ni naitrojeni. Hilo ni somo la shule. Wao wamekuondolea hizo mbili zilizobaki, wakakupa na kofia za kijani. Haina ubaya, na labda huvuja polepole kidogo. Ila haizibi tundu."

"Shemeji, kila mtu na fani yake. Ya kwako ni pancha. Hii ni sayansi."

Karakana nzima ilisikia. Mama Upepo alirudisha kifuniko taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa. Angeweza kumwambia bibi ashuke. Angeweza kukaa mbele ya gari. Badala yake alisema, "Safari njema, mwanasayansi," na moyoni mwake alikuwa amefurahi.

Haikupita saa moja simu ikalia. Alikuwa mama mkwe mwenyewe.

"Mwanangu, tumekwama. Njoo na upepo wako wa mtaani."

Alipakia jeki, kompresa ndogo na tairi moja kuukuu kwenye pikapu, akaondoka. Aliwakuta kando ya barabara, penye jua kali. Tairi lilikuwa limetafunwa na rimu hadi likabaki matambara. Tairi la akiba lilikuwa limelala chini kando yake, nalo bapa kama chapati, na kifuniko chake cha kijani kikiwa safi. Mwenye gari alikuwa anapekua simu. Mama yake ameketi juu ya jiwe, mkoba mapajani.

Mama Upepo aliyapekua matambara, akachomoa msumari uliopinda, kichwa chake kimelika. Si wa leo wala wa jana.

"Watakuwa wamenitilia naitrojeni feki," Shemeji alisema.

"Nyamaza!" mama yake alimkata. "Ningekuzaa bubu ungenifaa zaidi." Kisha akamgeukia mkwewe, na sauti ikashuka. "Na wewe. Ulijua kwamba hatutafika?"

Mama Upepo aliinamia jeki. "Nilijua, mama."

"Ukatuacha tuondoke."

"Nilitaka aumbuke."

"Basi ameumbuka. Na mimi nikiwa ndani."

Hakuna tusi la mteja lililowahi kumwingia kama hilo. Alifunga nati zote za lile tairi kuukuu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo dharau yake ilimgeukia mwenyewe. Shemeji alikuwa mpumbavu bila kujua. Yeye alikuwa amejua kila kitu, akauacha upumbavu huo ushike njia kwa makusudi, ili apate kucheka.

Alimwingiza bibi kwenye pikapu na kumpeleka mwenyewe. Daktari alikuwa anavua koti, lakini Mama Upepo alisimama mlangoni na mikono yake myeusi ya grisi mpaka koti likarudi mwilini. Jicho la kushoto lingehitaji upasuaji. La kulia lilikuwa bado na nafuu.

Njiani kurudi walimpita Shemeji. Alikuwa ameegesha mbele ya duka lenye bango linalometameta, anamsikiliza kwa makini kijana mwenye sare.

"Nani yule?" bibi aliuliza, akikodoa jicho lake zima.

"Mwanao, mama."

"Kanyaga mafuta," bibi alisema. "Asije akatuona akatueleza."