Mlango wa Upande wa Kushoto

Rangi ilipokunjamana kwa mara ya pili, Feliciano alivua kofia yake, akaitupa chini, akaikanyaga. Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia. Huyu ni mtu aliyetoka Mueda akaenda Pemba kujifunza kupuliza rangi, akarudi na kompresa na maringo, na tangu afungue gereji yake hapa Olumbi hajaacha kutuambia kwamba sisi watu wa pwani tunapaka magari kana kwamba tunapaka kuta. Sasa rangi yake mwenyewe ilikuwa imejikunja juu ya mlango wa Canter kama utando wa maziwa yaliyopoa.

"Cheka, Suleimane," akaniambia. "Cheka, pá. Ukimaliza niambie ni kwa nini."

Nikaacha kucheka. Nina kibanda cha vipuri ubavuni mwa gereji hiyo, na kila Jumamosi jioni tunakutana pale kubishana juu ya magari. Mimi hujiona nayajua yote. Nikisikia lori linapanda kilima naweza kutaja injini yake kabla halijatokeza, na nikikosea huwa nasema dereva ndiye anayeliendesha vibaya.

Tulikuwa wanne. Feliciano mwenye gereji, mimi, Jamaldine mwenye hiyo Canter, na Mwanahamisi anayeuza dizeli kwa madumu ng'ambo ya barabara. Mtu asidhani Mwanahamisi huja kusikiliza wanaume. Miaka mingi alisafiri na mume wake, Atumane, wakipeleka mizigo kati ya Palma na Mocímboa, Atumane kwenye usukani, yeye kiti cha kushoto akipakia, akishusha na kugombana na wenye mizigo. Nozeli ikianza kuziba, yeye huisikia kabla yangu. Simpendi kwa hilo, ila namheshimu.

Jumamosi ile hakuwa na ubishi. Mwaka ule Palma iliposhambuliwa na watu wakaikimbia, Atumane alikuwa na gari kwa fundi wa kuchomelea, naye Mwanahamisi alikuwa nyumbani kwao, mji huohuo. Alitoroka kwa mashua na majirani. Atumane hakuonekana tena. Wengine walisema ameungua pamoja na gari, wengine wakasema aliuawa njiani, na kila aliyesema alikuwa amesikia kwa mtu mwingine. Amemngoja mpaka ndugu wa mume wamechoka. Shehe naye alikuwa amemwambia kwamba miaka ya kungoja imetimia: Ijumaa inayokuja isomwe hitima, aingie eda, akitoka awe huru kuolewa. Alikuwa amekubali. Alitueleza hayo kwa sauti ileile anayotajia bei ya dizeli, nami nikakasirika bila kujua nimkasirikie nani.

"Tuzungumze magari," akasema. "Hayo mengine yana siku yake."

Basi tukazungumza magari.

Jamaldine alikuwa ameinunua Canter ile Montepuez, kwa mwenye gereji mmoja kando ya barabara kuu, na mali yake yote ilikuwa imeingia humo. Kijana mzuri, ila kwa rangi hana akili. Alitaka nyekundu.

"Nyekundu ya zimamoto?" nikamuuliza.

"Vermelho ya kung'aa, kaka Suleimane. Ntu akiiona toka mbali aseme, huyo Jamaldine huyo."

"Nyekundu ni nzuri," akasema Feliciano. "Vumbi jekundu la Diaca likikaa juu yake halionekani. Unapumzika kuosha."

"Ingebaki nyeupe," akasema Mwanahamisi. "Nyeupe haimchemshi ntu ndani."

Lakini nyeupe ile haikuwa ya kubaki. Ilikuwa rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi, kazi ya mtu mwenye haraka ya kuuza. Feliciano alipopuliza nyekundu juu yake mara ya kwanza, kwa kujaribu tu, kwenye mlango wa kushoto, ikakunjamana papo hapo. Hilo tulilielewa: rangi ya kupuliza ina thina kali, ikikuta rangi ya mafuta chini yake huila. Akaikwangua nyeupe yote, mlango na kichwa kizima cha gari. Chini yake akakuta rangi nyingine, kijani kinachokaribia samawati, ngumu, imeshika vizuri. Akadhani amefika kwenye rangi ya kiwandani. Akapiga msasa, akafuta, akapuliza tena mlango uleule na kipande cha paa. Hiyo ndiyo iliyompotezea kofia.

"Kompresa yako ina maji," nikasema.

"Nimeyatoa asubuhi."

"Basi hewa ya chumvi."

"Mbona Hilux ya juzi haikukunjamana? Chumvi ilikuwa likizo?"

"Labda gari limerogwa," akasema Jamaldine kwa unyonge.

"Rangi hairogwi," nikamjibu. "Injini ndiyo naanza kuishuku." Kwa maana injini ile haikuwa ya gari lile. Vishikio vyake vilikuwa vimechomelewa upya, na bodi ya nyuma ilikuwa ya chuma, kazi ya juzijuzi. Gari lilikuwa limekusanywa kutoka huku na huku, na mimi gari la namna hiyo hunikosesha usingizi mpaka nijue kila kipande kilitoka wapi.

Feliciano akachovya kitambaa kwenye thina, akakibandika juu ya ile kijani, akakiacha juani. Tukasogea wote. Baada ya muda rangi ikaanza kufura na kulainika, na harufu ikatoka. Feliciano akanusa, akarudi nyuma.

"Samaki," akasema. "Samaki aliyeoza. Gari hili lilibeba nini, meu Deus?"

Nikainama nikanusa. Haikuwa harufu ya samaki. Ilikuwa sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo watu wetu hupaka mbao za vyombo ili maji yasiingie. Ukiwa umezaliwa pwani hii huwezi kuikosea harufu ile, ilikuwa kwenye mikono ya babu zetu hata siku ya Idi.

"Hii ni rangi ya mashua," nikasema. "Rangi ya mashua iliyochanganywa na sifa."

"Lakini nani anatia mafuta ya papa kwenye rangi ya gari?" Feliciano akauliza. Aliuliza kwa dhati. Huko kwao juu, Mueda, hawana mashua.

Nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akifanya hivyo, na nilimcheka sana enzi zile. Alidai kwamba kinachozuia mbao kuoza kitazuia na bati kushika kutu. Jua likiwaka, gari lake ulilijua limefika kabla ya kusikia honi. Mwanahamisi alikuwa ameinuka kwenye dumu lake. Alikuja, akaweka pua pale kwenye rangi, akafumba macho, akakaa hivyo.

"Gari la Atumane," akasema.

Hakuna aliyembishia. Angelijuaje mapema? Injini si ile, bodi si ile, nyeupe juu yake, namba ngeni, na karatasi za gari ziliteketea pamoja na nyumba. Jamaldine alikuwa ameshika kioo cha pembeni, na hakukiachia. Gari lile ndilo kazi yake yote, na aliliona likimtoka huku limesimama mbele yake.

"Basi halikuungua," akasema Mwanahamisi polepole. "Lilitoka Palma." Kisha uso ukamsawijika. "Waliomuua ndio waliolichukua."

Akarudi kukaa. Nilitamani Feliciano asingekwangua kitu chochote. Tulianza kwa kubishania rangi, na sasa tulikuwa tumemletea msiba wake mlangoni siku chache kabla ya hitima.

Feliciano ndiye aliyeendelea, kwa sababu Feliciano akishika jambo haliachi. Akili yake bado ilikuwa kwenye rangi.

"Kwa hiyo ilikunjamana hapa mlangoni na juu ya paa kwa sababu moja," akasema, akinusa tena. "Mlango huu una sifa, paa lina sifa. Então, basi ni kazi ya mtu mmoja."

"Nlango upi?" akauliza Mwanahamisi.

"Huu. Wa kushoto."

"Nlango wa kushoto uko kwangu."

Tukageuka wote kutazama ng'ambo ya barabara. Sote tuliujua mlango ule. Ndio unaofunga kibanda chake cha dizeli, kijani hichohicho, na mahali pa kioo amepigilia ubao. Siku ya kukimbia ulikuwa umetolewa kwenye gari, bawaba yake imekatika, fundi anauchomelea. Mwanahamisi aliporudi Palma aliukuta umeegemea ukuta wa fundi, ukuta wenyewe hauna paa tena. Hakukuwa na kingine chochote cha kuchukua. Akaupakia kwenye lori la watu akaja nao hapa. Mimi mwenyewe nimeuegemea mara nyingi nikinywa chai.

"Basi gari liliondoka halina nlango," akasema Jamaldine.

"Na huu ni wa gari jingine," nikasema. Nikautazama kwa macho ya kazi yangu. Kitasa kilikuwa cha Canter za baadaye, na matundu ya kioo cha pembeni yalikuwa yamezibwa yakatobolewa upya. Feliciano akachukua msasa, akakwangua pembeni. Chini ya kijani kulikuwa na njano. Akakwangua ubavuni mwa kichwa cha gari. Chini ya kijani kulikuwa na kijivu. Mlango wa njano, kutoka gari la watu wengine, ulikuwa umevishwa rangi ya mashua baada ya siku ile.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikutaka Mwanahamisi ashike tumaini likamkatikie mkononi. Nikasema, "Mwizi naye angeweza kulikuta kopo la rangi garini akalitumia."

"Kopo angelikuta," akasema Mwanahamisi. Alikuwa amesimama tena. "Lakini sifa haikuwa humo. Sifa alikuwa nayo kwenye chupa peke yake, kaifunga kwa tambara nyuma ya kiti. Hachanganyi mpaka ashike brashi, ikilala inaharibika. Sasa we Suleimane, mwizi akute chupa inayonuka vile, aitie kwenye rangi?"

"Ataitupa," nikasema. "Na kiti atakiosha."

"Fungua ndani," akamwambia Feliciano. "Atumane alipaka ndani kwanza. Alisema kutu inaanzia kusikoonekana."

Feliciano akafungua skrubu, akatoa ubao wa ndani wa mlango. Akamulika kwa simu. Kulikuwa na kijani mpaka kwenye pembe, mpaka nyuma ya nyaya, mahali ambapo fundi yeyote mwenye akili timamu asingepoteza hata tone. Michirizi ya brashi ilionekana wazi. Harufu ilitujia usoni, na safari hii hakuna aliyerudi nyuma.

"Alikuwa hai," akasema Jamaldine.

Nilifurahi mpaka macho yakanilowa, nakiri. Kisha furaha ikaniletea swali, na nikaona swali hilohilo kwenye nyuso za wenzangu, na hakuna aliyethubutu kulitamka. Mwanahamisi akalitamka mwenyewe. Aliupiga mlango kwa kiganja, kwa nguvu, bati likalia.

"Alikuwa hai! Kapata nlango, kapata brashi, kakaa kapaka mpaka ndani! Mbona hakuja?" Akaupiga tena. "Mbona hakuja?"

Alilia kwa hasira, na sisi tukatazama chini. Nilimchukia Atumane kwa muda kidogo, kisha nikamhurumia, kisha nikaona kwamba simjui kabisa. Labda aliugua, labda aliambiwa kwamba mke amekufa baharini. Wako watu waliokaliana matanga, huyu kaskazini, yule kusini, na wote wazima.

Kilio kilipopungua, mkono wake ulibaki pale kwenye bati. Akaanza kuupitisha juu ya rangi, juu na chini, akiifuata michirizi.

"Dereva anakaa kulia," akasema. Hakuwa akituambia sisi. "Ntu peke yake, gari bovu, anakimbia na roho yake, nlango wa kushoto wa nini? Angepigilia bati. Angefunga kamba." Akashika kitasa. "Anayekaa kushoto ni mimi."

Jamaldine akajikohoza. Alikuwa kijana aliyeogopa, lakini alisema. "Da Mwanahamisi, na gari je? Kama ni lenu, ni lenu. Mimi..."

"Gari utaendesha wewe. Huyo aliyekuuzia, gereji yake unaijua?"

"Naijua."

"Tumpigie simu sasa hivi," nikasema, nikitoa yangu.

"Usimpigie. Ntu akiulizwa habari ya gari kwenye simu anadhani anaitwa mwizi, anaizima. Nitamuuliza uso kwa uso nani kamuuzia, na huyo nitamuuliza vilevile."

Alikwenda kwa shehe jioni ileile. Alichomwambia sikukisikia, lakini hitima haikusomwa, na ndugu za mume, waliokwisha kununua mchele, walinuna.

Jumatatu asubuhi Canter ilisimama mbele ya kibanda changu, tayari kwa Diaca, kisha Mueda, kisha barabara ndefu ya Montepuez. Ilikuwa aibu ya gari: kijani, kijivu, nyekundu iliyokunjamana. Feliciano aliomba wasiseme ni kazi yake. Nilimpa Jamaldine mkanda wa feni na nozeli za akiba, nikamwambia asipandishe kilima kwa gia kubwa, naye akaniitikia bila kunisikiliza.

Mwanahamisi alipanda kushoto. Alivuta mlango, haukushika. Hakuuzoea, wa kwake wa zamani ulikuwa unafungwa kwa kuunyanyua kidogo. Akauvuta tena, haukushika. Jamaldine akanyoosha mkono ili amsaidie.

"Wacha," akamwambia. "Nlango wangu huu."

Akauvuta mara ya tatu, ukafungika.