Fundi Wake wa Nguo

Jamani, urefu! Watu wanautamani kana kwamba unauzwa sokoni. Muulizeni Léonce wa mtaa wa Cibitoke, yule aliyecheza mpira wa kikapu Ubelgiji mpaka goti likamkatalia. Mlango wa kanisa anauinamia. Kitandani miguu inalala nje. Na suruali? Bujumbura nzima hakuna duka lililowahi kumuuzia suruali ikamfika kwenye kifundo cha mguu. Zake zote alizishona Claude, mdogo wake, na huyo Claude alikuwa mfupi hata alikaa ukingoni mwa kiti ndipo mguu ufikie pedali ya cherehani.

Tumbo moja, baba mmoja. Ndiyo, baba mmoja, acheni kucheka! Mama yao alikwisha kuchoshwa na vicheko hivyo, na jibu lake lilikuwa lile lile: udugu ni kufaana, si kufanana. Wakafaana kweli. Baba alipofariki, Claude ndiye aliyeacha shule akashika cherehani ili Léonce aendelee kucheza. Jioni alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka mazoezini mjini, mfupi anakanyaga, mrefu kakaa nyuma, miguu inaburuza vumbi. "Yaya, nyanyua miguu!" Claude alikuwa akimpigia kelele, maana yaya ndivyo alivyomwita mkubwa wake. "Unanifungia breki!"

Basi ikaja timu ya taifa, ikaja Ubelgiji. Kule Léonce alipigiwa makofi na watu wasiojua hata Burundi iko wapi, na kila mechi, chini ya kaptura ya klabu, alivaa kaptura kuukuu aliyoshonewa na Claude. Goti lilipoharibika alirudi nyumbani, akasimamisha nguzo na ubao karibu na kibanda cha mdogo wake, akaanza kufundisha vijana. Hodari wao alikuwa Landry, mikono myepesi, tumbo halishibi. Alikula kwao kama mtoto wa nyumbani, na jezi yake alishonewa na Claude.

Halafu vita. Mtaa huu ukawa wa kabila hili, mtaa ule wa kabila lile. Makabila gani? Siwatajii! Nikitaja tu, nusu yenu mtaanza kuchagua wa kumhurumia. Jueni hivi: vijana wa bariyeri, hao waliofunga njia kwa mawe na magogo, hawakuwa na muda wa kuuliza ukoo wa mtu. Walipima kwa macho. Mrefu ni wetu, mfupi ni wao. Léonce na Claude wote wawili walikuwa wa wale wanaowindwa, lakini macho yalimwona mmoja tu.

Majirani waliowajua wakakimbia, nyumba zao zikaingiwa na wageni. Claude akaamua kuondoka kwenda Buyenzi, mtaa wa Waislamu ambao ulikuwa haujamfukuza mtu, kwa Massoudi muuza vitambaa. Alitaka kupita kwenye matete ya mtoni, peke yake.

"Matete ya nini?" Léonce akasema. "We utapita barabarani, na mimi. Nani hanijui mjini humu?"

"Wanakujua we, yaya. Mi hawanijui."

"Nikikushika mkono watakujua."

Hilo ndilo kosa lake, na halikuwa la ubaya. Mtu akishazoea kupigiwa makofi hudhani yanasikika kila mahali.

Asubuhi kweupe wakafika kwenye bariyeri. Vijana walikuwa wa mitaa mingine, isipokuwa mmoja: Landry, amevaa jezi ile ile. Léonce alipomwona moyo ukatulia. Tumepona, akajisemea.

"Kocha, pita," akasema mkubwa wao, Honoré, akicheka kwa heshima. Kisha akamnyooshea Claude panga. "Na huyu?"

"Huyu mdogo wangu. Tumbo moja."

Kicheko kikakatika. Honoré akampima mmoja, akampima wa pili. "Kocha, kama huyu ni ndugu yako, basi na we ni wao." Akageuka. "Landry! We umekula kwao. Ni ndugu hawa?"

Landry akashika pindo la jezi yake. Akisema ndiyo, wanakufa wawili. Claude hakumsubiri.

"Apana, chef! Ndugu wapi? Tangu lini sungura akazaliwa na twiga?" Akacheka, na vijana wakacheka naye. "Mi ni fundi wake tu wa nguo. Patron ana huruma, alitaka kunisindikiza."

"Landry?" Honoré akauliza tena.

"Ni kweli," Landry akasema akitazama chini. "Ni fundi."

Léonce alitaka kupaza sauti. Alitaka, nawaambia. Lakini aliogopa, na Claude alikuwa anamkazia macho kama zamani kwenye baiskeli: nyanyua miguu. Wakati wanamvuta kuelekea mtaroni, Claude akageuza shingo.

"Patron, suruali yako iko tayari. Iko kwenye cherehani. Rudi uichukue."

Patron, yaani bosi! Maisha yake yote hakuwahi kumwita hivyo. Léonce akarudi.

Suruali ilikuwa kwenye cherehani kweli, lakini haikuwa tayari. Mguu mmoja umekunjwa na kushonwa, wa pili bado una pini. Léonce akakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakimfika kidevuni, akalia akiwa ameuma kitambaa asisikike.

Kilio hakuweka. Angewekaje? Mtaa mzima ulijua marehemu ni fundi tu. Angetangaza msiba wa ndugu, angejitangaza na yeye. Miaka ikapita, watu wakimsimamisha njiani wamuulize habari za Ubelgiji, naye anasimulia, wanacheka, wanampigia makofi. Alichukia makofi yale.

Vita vilipolegea, ndipo akaita watu kumaliza kilio, yaani kuondoa matanga. Kwetu hakimalizwi kimya. Mkubwa wa marehemu husimama mbele ya wote akasema aliyekufa alikuwa nani kwake. Massoudi alikuja. Landry naye alikuja, amekonda, akakaa nyuma kabisa.

Léonce akasimama. Alikuwa amevaa ile suruali, mguu mmoja umeshonwa vizuri, wa pili unaburuza chini na pini zake zenye kutu. Fundi mmoja jirani alikuwa ameomba aumalizie, akakataliwa kwa ukali. Watu wakautazama ule mguu.

"Mnaniita kocha," akasema. "Wengine patron. Aliyekuwa akiniita yaya alikuwa mmoja tu, na mbele ya watu aliniita patron ili mi nirudi nyumbani." Akashindwa. Akafuta uso, akaanza upya, kwa sauti ambayo ilipaswa kutoka siku ile kwenye bariyeri. "Claude ni mdogo wangu. Tumbo moja, baba mmoja."

Safari hii hakuna aliyecheka.