Herufi Tatu Juu ya Mlango

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika mjini. Walimwita Mwandiko. Kwa miaka ishirini na saba ndiye aliyeandika vibao vya maduka, milango ya malori, kuta za shule na mabango ya zahanati. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na brashi sita, uzi wa chaki wa kupigia mistari, na mkono wa kulia uliosifiwa mpaka ukawa kama mtu wa pili ndani ya nyumba. Akibeba mzigo, alitumia wa kushoto. Akipigilia msumari, alimwita jirani.

Mkono huo ndio ulioanza kumwasi.

Ulianza na kidole gumba. Akiwa amekaa tu, hana hili wala lile, kidole kinacheza chenyewe. Baada ya miezi michache kiganja kizima kikafuata. Daktari alimweleza bila kuzunguka: haya ni maradhi ya mishipa ya fahamu, dawa zitapunguza mtetemo lakini hazitauondoa. Mwandiko akatia dawa mfukoni, akarudi nyumbani na kusema daktari ameona uchovu tu.

Mkewe hakubisha. Ila tangu siku hiyo akawa anamjazia kikombe nusu, na hilo likamuudhi Mwandiko kuliko maradhi yenyewe.

"Mama Watoto, chai imekwisha humu ndani?"

"Ipo tele."

"Sasa mbona unanipimia kama mgonjwa?"

"Nikikujazia unamwagia shati, na shati nafua mimi."

Akanywa nusu yake.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, tena si wa kukaa nyuma. Sala zake zilikuwa ndefu, zimepangika, hazina kosa. Mchungaji wao alikuwa na kigugumizi, na kila alipokwama kwenye neno, Mwandiko alilimalizia kwa sauti kutoka benchi la mbele, kama mtu anayemsukuma mwenziwe apite mlangoni. Mwenyewe aliona anasaidia.

Basi kanisa likapigwa lipu upya, na kwenye kikao akina mama wakachagua maneno ya kuandikwa juu ya mlango mkubwa: INGIENI KAMA MLIVYO. Herufi kumi na saba. Kikao kilipokwisha, Mchungaji akamvuta Mwandiko pembeni.

"Mzee wangu, nilikuwa nafikiri tu-tuchapishe kwenye ba-ba..."

"Bango."

"Ndiyo, bango. Lile la plastiki. Be-Besi anayo mashine. Wewe upumzike kidogo."

Besi alikuwa mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya, na ndipo lilipotoka jina. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Mwandiko. Miaka minane iliyopita Mwandiko alimfukuza mbele ya wateja na kumwambia mkono wake ulifaa kukoroga zege. Tangu hapo walisalimiana kwa kutikisa kichwa tu.

"Nyumba ya Mungu haibandikwi plastiki," Mwandiko akasema. "Nitaandika mwenyewe. Kwa mkono huu huu."

Wiki hiyo aliomba kuliko alivyowahi kuomba, ila aliomba kama mtu anayeagiza vifaa vya kazi. "Bwana, sikuombi mengi. Mkono utulie Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Kazi ni yako, sifa ni zako." Akafunga siku mbili. Alhamisi mkono ukatulia karibu saa nzima, naye akatabasamu peke yake uani. Mambo yalikuwa yamekubalika huko juu.

Jumamosi alifika kanisani mapema, kabla ya kwaya kuja kufanya mazoezi. Akasimamisha ngazi, akapiga mistari miwili ya chaki, akagawanya nafasi kwa penseli. Akapanda na kopo la rangi ya bluu na fimbo yake ya kuegemeza mkono. Akafumba macho. "Sasa, Bwana."

Akaanza na I. Hakuna herufi nyepesi kama I. Ni mstari mmoja wa kushuka, hata mtoto wa chekechea anaimudu. Brashi ikagusa ukuta, ikaruka, ikagusa tena. I ikashuka na meno pande zote mbili kama msumeno. Akafuta kwa tambara, rangi ikasambaa kwenye lipu jipya. Akarudia juu ya doa lile, ikawa nene kama gogo. Akasaga meno, akaingia kwenye N. Mguu wa pili wa N ukaenda kando kana kwamba unamkimbia wa kwanza. Akashika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akaegemeza kifua ukutani, akaishambulia G, herufi aliyokuwa akijivunia maisha yake yote. Ilipokamilika ilifanana na sikio la ng'ombe.

"Nimekuomba kitu kimoja!" akafoka. "Kimoja tu!"

Alipotaka kushuka, mguu ukakataa. Hasira na mfungo vilikuwa vimemmaliza, na kila akitafuta kipago cha ngazi kwa unyayo, anakikosa. Akarudisha mguu na kuikumbatia ngazi. Kopo likamponyoka, likagonga ngazini na kumwaga bluu yote kizingitini.

Huku nyuma akasikia sauti za akina mama wa kwaya zikiingia uani, zikicheka, kisha zikikatika ghafla.

Alibaki pale juu muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Alijifanya anakagua ukuta. Mama mmoja akauliza, "Mzee, uko salama?" Akajibu kwamba anasubiri rangi ikauke. Wote wakaitazama rangi iliyokuwa ikitiririka chini ya ngazi. Mwishowe mikono ikaanza kulegea, akaona ataanguka mbele yao.

"Nisaidieni nishuke," akasema, tena kwa sauti ndogo kiasi kwamba ikabidi arudie.

Aliyepanda alikuwa Besi. Alikuja mpaka chini yake, akamshika kifundo cha mguu, akauweka unyayo kwenye kipago. Kisha mguu wa pili. Hivyo hivyo, kipago kwa kipago, mguu kwa mguu, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Walipofika chini Mwandiko hakusema asante. Alikwenda zake na bluu kwenye viatu.

Jumapili hakwenda ibadani. Alikaa kitandani akijua kabisa kwamba waumini wote wanapita chini ya zile herufi tatu na kuinua macho.

"Wamesema nini?" akamuuliza mkewe aliporudi.

"Wamekuuliza hali."

"Na ukutani?"

"Wameona. Wana macho."

Akarusha mto. "Mama Watoto, miaka yote nimemtumikia. Nimefunga, nimelia. Angepungukiwa nini kunipa asubuhi moja?"

Mkewe aliokota mto, akaukung'uta. "Baba Watoto, wewe ulimwomba au ulimpangia? Mimi nilikuwa nakusikia. Saa mbili mpaka saa saba! Hata fundi bomba huwezi kumpangia hivyo. Tena hukumwomba akusaidie. Ulimwomba akufiche, watu wasijue."

Akamgeuzia mgongo. Alikasirika siku nzima.

Jumatatu Mchungaji akaja. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akazungusha kofia mikononi.

"Mi-miaka kumi na mitano namwomba Mungu anifungue ulimi," akaanza. "Ha-hajaufungua. Kila Jumapili kabla ya kusimama mbele yenu na-napiga magoti. Namwambia, Baba, sina kitu hapa. Ukiniacha nimekwisha. Halafu nasimama. Si-sikumbuki hata siku moja nimesimama nikiwa na... nikiwa na u-u..."

Neno "uhakika" likamfika Mwandiko mdomoni. Akaliuma. Ikabidi angoje, na kungoja kule kulikuwa kurefu, jasho likimtoka Mchungaji kwenye paji la uso na yeye Mwandiko akiwashwa mwili mzima.

"...utulivu," Mchungaji akamaliza. Kisha akacheka kidogo. "Unajua, mzee wangu, yale maneno unayonimaliziaga, ma-mara nyingi siyo niliyotaka kusema."

Mwandiko akajisikia uso ukichemka. Miaka yote hiyo! Alitaka kusema samahani, akatoa kikohozi. Mchungaji alipokwisha kuondoka aliingia chumbani, akapiga magoti, akafungua kinywa aanze ile sala yake iliyopangika. Haikuja. Mkono ulikuwa ukigonga ukingo wa kitanda, tap, tap, tap, wala hakuuzuia.

"Siwezi," akasema hatimaye. "Siwezi, na nimechukia, na sijui nifanye nini. Nisaidie unavyojua wewe."

Hakuona nuru, wala hakusikia joto mwilini kama watu wanavyosimulia. Goti la kushoto liliuma. Ila alipoinuka alijua pa kwenda, na hakupapenda.

Karakana ya Besi ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya kuchapia na vipande vya plastiki vimejaa sakafuni. Besi alisimama haraka alipomwona, akafuta kiti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Mwandiko hakukaa. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yameyeyuka yote. "Lile neno la zege. Nililokwambia. Nilikosea. Si kwamba herufi zako zilikuwa nzuri, hapana, zilikuwa mbaya sana. Lakini sikupaswa kukudhalilisha mbele za watu."

Besi akainamisha kichwa, mabega yakacheza. Mwandiko akadhani analia, kumbe anacheka.

"Kweli zilikuwa mbaya, Fundi."

"Ukutani kule kumebaki herufi kumi na nne, na tatu za kurekebisha. Mkono wangu umekwisha." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu. "Nakuomba uniandikie. Kwa brashi."

"Brashi sijashika miaka minane. G bado inanishinda."

"Mimi pia, sasa."

Walianza Jumatano asubuhi. Kabla ya Besi kupanda, Mwandiko aliomba: "Bwana, sisi wawili hatuna mkono mmoja wa maana. Tushike." Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali mbele ya mtu, na Besi alichelewa kusema amina kwa kudhani inaendelea.

Mwandiko akajipa kazi ya kushika ngazi. Hazikupita dakika tano, sauti nzito ikashuka kutoka juu.

"Fundi, samahani. Ngazi inatetemeka."

"Ni upepo."

"Hakuna upepo, Fundi."

Akaiachia. Hata kushika ngazi! Akaenda kukaa kwenye tofali upande wa pili wa uwanja, mikono mapajani, akiwa na hamu ya kulia na hamu ya kutukana kwa pamoja. Kutoka pale, hata hivyo, aliuona ukuta mzima kwa mara ya kwanza, na akaona jambo ambalo aliye juu ya ngazi hawezi kuliona: N ya pili ilikuwa inazama.

"Inua! Nusu kidole! Sasa kushoto. Usikimbie, vuta pumzi, shuka nayo."

Ikawa hivyo hadi mchana. Yeye anapaza sauti, Besi anaandika. Mara nne aliinuka akaenda mpaka chini ya ngazi kunyang'anya brashi, mara nne akarudi kwenye tofali akinung'unika. Besi alikoroga K, akaifuta, akaiandika upya. M ikakaa vizuri kuliko Mwandiko alivyotarajia, jambo ambalo nalo lilimchoma kidogo. Y ilitoka na mkono mmoja mfupi, kisha O ikafunga mstari.

"Niirudie Y?" Besi akauliza.

Mwandiko akaitazama Y ile. Angekuwa na mkono wake, angeubomoa ukuta. Wakati huo bibi mmoja anayefagia kanisa alitoka ndani na ndoo yake, akainua uso, akasoma polepole kwa kidole, neno kwa neno, kwa vile kusoma kwenyewe alijifunza uzeeni. Akafika mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea kumwaga maji.

"Iache," Mwandiko akasema. "Inasomeka."

Jumapili Mchungaji alikwama mara tatu kwenye mahubiri, na benchi la mbele likangoja pamoja na wengine. Mwandiko alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, lakini alingoja.

Mkono haukupona. Mvua zilipoanza, ule wa kushoto nao ukaanza kuamka, naye akamwambia Mungu waziwazi, bila mapambo, kwamba amechoka na haoni haki hapo. Aliomba nguvu za siku hiyo tu. Siku nyingine alizipata, siku nyingine alimaliza jioni akiwa amegombana na kila mtu, akaenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba.

Ikaja kazi ya ukuta wa shule, maneno mengi, wiki nzima. Besi alimfuata asubuhi akiwa na ngazi begani na makopo mawili.

"Fundi, tunachelewa!"

"Ngoja!" Mwandiko akajibu kutoka ndani, akihangaika na kifungo cha shati kilichomshinda kwa dakika kumi. Akapiga teke mguu wa kitanda. Kisha akavuta pumzi. "Mama Watoto! Hebu njoo unifunge kifungo hiki."