Kwetu ni Ulu

Mzee Sylvance Ulu alifariki Jumatatu asubuhi kwa fundi viatu wa Huruma, mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine soksi tu. Alikuwa akingoja soli. Fundi aligeuka kumwuliza kama anataka na kamba mpya, akamkuta ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jambo. Alasiri fundi huyo alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne na kiatu mkononi, kimeshonwa na kung'arishwa, akamkabidhi Elsie, bintiye marehemu. Elsie alikipokea kwa mikono miwili. Hakujua pa kukiweka, akakiweka juu ya redio.

Jioni majirani walijaa sebuleni, kamati ya mazishi ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Naftaly, mzee wa kanisa, mtu aliyezoea matanga kama wengine walivyozoea harusi. Alifungua daftari akauliza swali ambalo kila kamati huanza nalo.

"Tunampeleka wapi?"

"Ulu," alisema Truphena, mjane.

"Ulu ipi? Kile kituo cha reli cha Ukambani, ukishapita Konza?"

"Mimi najua nilivyoambiwa. Miaka yote alisema, kwetu ni Ulu."

Naftaly aliweka kalamu chini. "Mama Elsie, mimi na Sylvance tumeimba kwaya ya Kijaluo miaka ishirini. Leo ndiyo amekuwa Mkamba?"

"Mamake ndiye alikuwa Mkamba. Babake alikuwa Mjaluo wa reli, Ochola Ulu. Alifariki Sylvance akiwa na miaka sita, mama akabaki kumlea hapa Nairobi kwenye nyumba za reli. Alisema babake alimpeleka kwao mara moja tu. Kitu alichokumbuka ni jiwe kubwa, kama ng'ombe aliyelala."

"Jiwe," alisema Naftaly, akakuna kidevu. "Mtu hazikwi kwa kukisia, mama. Tungoje mpaka Alhamisi. Tusipopajua kwao, tutamzika makaburi ya jiji, Lang'ata, kama mtu asiye na kwao."

Hakusema kwa ubaya, lakini maneno hayo yalimwingia Elsie, yakakaa. Tangu utotoni aliulizwa Ulu ni jina la kabila gani, naye alijibu ni jina la babangu, akaona limekwisha. Sasa kumbe lilikuwa halijaanza.

Jumatano alishuka Ulu. Alitafuta jiwe kwanza. Aliona nyasi, miiba, reli na anga kubwa. Nchi imelala tambarare, hata pa mbuzi kupanda hapana. Alimwuliza mwenye duka kama kuna watu wa ukoo wa Ulu.

"Hapa Ulu ni mahali, si mtu," alisema mwenye duka akicheka. "Nani ampe mtoto jina la kituo? Lakini kama ni mambo ya reli ya zamani, nenda kwa Mbeti. Akiwa msichana aliwauzia uji vibarua wa genge la reli."

Mbeti alikuwa mlangoni kwake akichambua mbaazi kwenye ungo. Elsie alimsalimu, akamwita susu, yaani nyanya, kama Wakamba wasemavyo, akamwambia jina lake kamili.

"Ulu," alisema Mbeti, mikono ikasimama. "Hilo nilikuwa nalisikia kila asubuhi."

Alifumba macho, akatoa sauti nzito ambayo haikuwa yake. "Mutiso Konza. Barasa Kibos. Ochola Ulu. Ochola Koru." Akafumbua. "Huyo ni nyapara akiita watu kazini. Koo za watu hazikumhusu. Majina yakigongana, alikubandika kituo ulichoandikiwa kazi. Ochola walikuwa wawili. Mmoja aliandikwa hapa, mwingine Koru, huko kwa reli ya Kisumu, kisha akahamishiwa huku. Basi. Wakaitika hivyo mpaka mwisho."

"Kwa hiyo babu hakuwa wa hapa."

"Hapa alikuja na sururu na blanketi, akapata mke. Wa hapa ni nyanya yako."

"Na kwao, susu?"

"Hakusema. Au alisema nami nikawa nahesabu vikombe vyangu." Mbeti alitupa ganda. "Ila wale wawili walikuwa ndugu. Baba mmoja, mama wawili. Baba yao alikufa wake wote wakiwa na mimba, na kwao mtoto aliyezaliwa baada ya kifo cha baba huitwa Ochola. Wenzao waliwachokoza, baba yenu aliishiwa majina. Nao wakijibu, hakuishiwa, aliondoka kabla hajayatoa."

Elsie alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu, kisha akaona aibu. Mbeti akamwambia acheke tu, hayo yalitengenezwa yachekwe.

Alirudi Huruma akamkuta Naftaly anaandika tangazo la kifo la kusomwa redioni kwa Kijaluo asubuhi, na orodha ya jamaa kama ilivyo desturi. Orodha ilikuwa fupi. Elsie aliomba kalamu akaongeza mstari: mwana wa Ochola Ulu, nduguye Ochola Koru, wote wa genge la reli.

"Unamtaja mtu usiyemjua?" aliuliza Naftaly.

"Namtaja ili anayemjua anisikie."

Alhamisi, tangazo lilikuwa halijapoa, simu ikalia.

"Naitwa Frankline Koru, fundi wa lifti, naishi mtaa wa Fedha, hapa Nairobi," ilisema sauti. "Poleni na msiba. Nyinyi ndio akina Ulu?"

"Ndio sisi."

"Dada, babangu aliwatafuta Ulu mara tatu. Aliuliza mpaka wakamchoka. Alifariki akidhani mlikwisha."

"Hatukuwahi kuishi Ulu. Tuko Huruma."

"Huruma," alisema Frankline. "Nami naja Huruma kila mwezi kunyolewa." Akashusha pumzi. "Sisi nasi watu hutuomba miwa, wakidhani tunatoka Koru kwenye mashamba ya miwa. Kwetu ni Seme, huko Kisumu."

Elsie alikumbuka lile jiwe. Alitaka kuuliza bila kumwekea jibu mdomoni. "Huko Seme, boma lenu limekaaje?"

"La kawaida. Nyumba ya babu, zizi. Halafu kuna kipande hatulimi, ni fungu la nduguye babu. Hakuwahi kujenga, lakini babu alikataza jembe lisiguse mpaka wenyewe warudi. Kando yake kuna jiwe kubwa, mbuzi hupenda kuota jua pale. Ukilitazama kwa mbali utasema ni ng'ombe amelala. Nikiwa mdogo nyanya alinipigia kelele kila siku, 'Toa mbuzi Ulu.' Mimi nilidhani ndilo jina la pale."

"Ndilo," alisema Elsie.

Truphena alikuwa amesimama nyuma yake na alisikia yote. Alikiondoa kiatu juu ya redio, akakifuta kwa kanga, akakiweka pamoja na mwenzake kwenye begi la nguo za maziko.

Naftaly alifungua daftari akaandika mahali pa mazishi: Ulu, Seme. Gari linaondoka Huruma kesho saa mbili asubuhi.