Nafasi ya Ruqiya Bombani

Hapa kambini Hagadera mtungi ndio mtu. Unaupanga kwenye foleni ya bomba alfajiri, unakwenda zako shule, na aliye nyuma yako anakusogezea. Hilo Mwalimu Koome hakulijua. Kwao Meru maji huteremka yenyewe mlimani, kisha akaja kutufundisha kubana maji sisi wa Gredi ya Saba, tunaonawa uso kwa kikombe kimoja! Lakini tulimpenda, maana alikuwa mtu wa vitendo.

Siku moja alitaka tuone bomba linalovuja linavyokula maji. Akachukua kwenye foleni mtungi mmoja uliochakaa akidhani umetupwa, akaujaza, akautoboa kwa msumari, akauning'iniza dirishani. Tone. Tone.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema, "na haba na haba hukimaliza."

Hakuna aliyecheka. Ulikuwa mtungi wa Ruqiya, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. Mwaka jana bomba lilikauka kabla zamu yake haijafika, akateka dimbwini, kipindupindu kikamchukua. Tangu hapo mama yake huupanga mtungi ule kila siku, na hatulii mpaka ujae. Sote tulijua, na sote tuliogopa kumwambia mwalimu.

Kipindi hakijaisha, Mama Ruqiya akasimama mlangoni, akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Maalim, mtoto yangu umebeleka wapi?"

"Mtoto gani, mama?"

Akanyoosha kidole dirishani. "Ilikuwa karibu kufika."

Sahra, mwenzetu darasani, ndiye aliyemweleza mwalimu. Mwalimu aliketi sakafuni, akashindwa kuendelea na somo.

Kesho yake alikuja bombani na mtungi mpya. "Nisamehe, mama."

Mama Ruqiya aliupokea, akaenda kuuweka mwisho wa foleni. "Hii ni yako, maalim."

Nafasi ya Ruqiya ikabaki wazi, mbele ya mtungi wangu. Hakuna aliyethubutu kuiziba. Foleni ikisogea, nayo inasogea. Ilipofika mbele, mama alifungua bomba, maji yakamwagika mchangani kwa muda wa kujaza mtungi mzima. Mwalimu alinyoosha mkono kuelekea bomba, kisha akaurudisha.

"Amekunywa," mama alisema, akafunga, akanipisha.

Nikafungua. Bomba likakoroma tu, halikutoa kitu.

Mama Ruqiya aliutazama mtungi wangu mtupu, kisha akanitazama mimi. Akapiga magoti, akaanza kuufukua ule mchanga uliolowa kwa mikono.