Makaa Yaliyobaki

Nyanya alikuwa ameziba kila ufa wa chumba cha Evelyn kwa vitambaa, na chini ya mlango akakunja gunia. Mzazi hapigwi na upepo, na ukungu wa Mghange, kule mlimani, mwezi wa saba hupenya hadi kwenye mifupa. Ndani aliweka jiko la makaa, mjukuu wake na kichanga chake wapate joto.

Sebuleni, Wakesho, mdogo wake Evelyn, alikuwa akipambana na hesabu ya kemia. Binamu yao Zephaniah, aliyekuwa akisomea ualimu, alimsimamia kama askari jela.

"Gramu kumi na mbili za kaboni, gramu kumi na sita za oksijeni. Zikiungua pamoja, kipi kitatangulia kuisha?"

"Kaboni. Si ndiyo kidogo?"

"Wewe ukiandaa harusi utahesabu wageni kwa kilo. Geuza kuwa moli kwanza."

Wakesho akafuta. Akaandika mlinganyo: moli moja ya kaboni huchukua moli moja ya oksijeni. Akagawa kumi na mbili kwa kumi na mbili, akapata moli moja ya kaboni. Akagawa kumi na sita kwa thelathini na mbili, maana atomu za oksijeni hutembea mbili mbili, akapata nusu. Kaboni inadai moli nzima. Iliyopo ni nusu.

"Oksijeni ndiyo inaisha kwanza," akasema.

"Umeona? Na nusu ya kaboni inabaki. Hiyo ni ya kitabuni. Kwenye jiko, kaboni haina subira. Hewa ikipungua, makaa hugawana hiyo kidogo iliyopo, ikatoka gesi nyingine. Haina rangi, haina harufu. Inakulaza, huamki."

Kalamu ya Wakesho ikasimama. Asubuhi Evelyn alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Nyanya alisema ni uchovu wa uzazi, akaongeza makaa. Na tangu chakula cha mchana, mtoto hajalia.

"Nyanya, Evelyn yuko macho?"

"Amelala," Nyanya akajibu kutoka kiti chake cha pembeni. "Mzazi akilala, wewe shukuru Mungu. Usimwamshe."

Wakesho alisukuma mlango. Gunia likamzuia, akaupiga kwa bega. Ndani hakukuwa na moshi, joto tu, tamu, la kumkaribisha mtu akae.

"Funga, baridi itawaua," Nyanya akamwambia.

Zephaniah alimnyakua mtoto akakimbia naye uani. Akamfinya nyayo, akamfinya tena, hadi mtoto akakohoa na kulia kwa sauti nyembamba kama uzi. Wakesho alimburura dada yake kwa makwapa hadi nje, akamwita, akamtikisa, akalaza sikio kifuani pake. Akalihamisha sikio. Akalilaza tena.

Nyanya alisimama mlangoni, kitambaa cha ufa mkononi, hajui akiweke wapi. Nyuma yake upepo wa mlimani ulikuwa umeshaingia chumbani, na makaa yaliyofifia mchana kutwa yakaanza kuwaka, mekundu, moja baada ya jingine.